Karatasi za siku moja: namna ya kusoma vipeperushi vya ukombozi wa wanawake wa Marekani na vya wapinzani wao

Mwezi Juni 1968, kikundi cha wanawake wa New York kilichojiita New York Radical Women kilitoa chapisho la kurasa zilizopigwa taipu na kulipa jina la Notes from the First Year, yaani maandishi ya mwaka wa kwanza, kana kwamba walikuwa na hakika kwamba mwaka wa pili ungekuwapo. Bei yake ilikuwa senti 50 kwa mwanamke na dola 1 kwa mwanamume. Mnunuzi hakuhitaji kufunua hata ukurasa mmoja ili akutane na hoja ya waandishi, kwa maana mshahara wa mwanamke nchini Marekani wakati huo ulikuwa chini ya senti 60 kwa kila dola aliyolipwa mwanamume, na hapa palikuwa na kitu kimoja, walau kimoja, ambacho mizani yake ilielemea upande wa pili.

Mtafiti anayenakili maneno ya chapisho hilo na kuiacha bei yake ameacha sehemu ya maandishi. Hiyo ndiyo tabia ya aina hii ya machapisho, ambayo wakutubi huyaita efemera, neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya kitu cha siku moja: vipeperushi, mabango, beji, stika, kadi za posta, fomu za uanachama, majarida ya kurasa nne, mialiko ya mikutano. Kitabu huandikwa ili kikae rafuni, lakini kipeperushi huandikwa ili mtu akipokee barabarani saa nne asubuhi na awe amefanya jambo fulani kabla ya jua kutua. Kwa hiyo swali la kwanza la kukiuliza kipeperushi ni kinamtaka nani afanye nini, na swali la ukweli au uongo wa maneno yake huja baadaye. Ninaliweka swali hilo mbele kwa sababu ndilo linalofumbua fumbo la karatasi za vuguvugu la ukombozi wa wanawake na za wale waliolipinga, ambazo mara nyingi husomwa kama majibizano ya mawazo matupu, ilhali zilikuwa zana za kazi, na kazi za pande hizo mbili hazikuwa za namna moja.

Tuanze na mashine. Sehemu kubwa ya karatasi za mwanzo za vuguvugu hilo zilitolewa kwa saiklostaili, na wasomaji waliofanya mitihani ya majaribio shuleni kabla ya kompyuta kuenea hawahitaji kuelezwa harufu ya wino wake wala namna herufi "o" ilivyotoka ikiwa imeziba kama punje ya pilipili manga. Mchapaji aliondoa utepe wa taipureta, akapiga herufi moja kwa moja kwenye karatasi ya stensili iliyopakwa nta, na kila herufi ikatoboa njia ya wino kupita. Kosa lilizibwa kwa rangi maalumu kwa brashi ndogo, kisha likapigwa upya. Stensili moja ilitoa mamia ya nakala kabla ya kuanza kuchanika, na ilihitaji karatasi mbaya, yenye kunyonya wino haraka, ambayo ndiyo ilikuwa rahisi zaidi dukani. Gharama ilikuwa ndogo kiasi kwamba wanawake watano waliochangishana fedha za chakula cha mchana wangeweza kuwa na chombo chao cha habari kufikia jioni, hasa kama mmoja wao alikuwa karani katika ofisi yenye mashine hiyo na mkuu wake alikuwa na desturi ya kuondoka mapema.

Ni muhimu kukumbuka kwamba wengi wao walikuwa makarani. Taipureta, stensili, bahasha na orodha ya anwani vilikuwa vitu walivyovishika kila siku kwa ajili ya kazi za wanaume. Katika vyama vya mrengo wa kushoto vilivyopinga vita vya Vietnam, wengi wa wanawake hawa walikuwa wamepewa kazi ya kupiga taipu hotuba ambazo hawakuruhusiwa kuzitoa, na vuguvugu lilipoanza, hawakuhitaji kufundishwa uchapaji.

Jarida lililolipa vuguvugu hilo jina lilitoka Chicago mwezi Machi 1968, likihaririwa na Jo Freeman, na kwenye kichwa chake lilijitangaza kuwa sauti ya vuguvugu la ukombozi wa wanawake. Lilianza na kurasa 6 na nakala 200 hivi. Katika muda wa miezi 16 lilikuwa limefika kurasa 25 na nakala 2,000, kisha likafa baada ya toleo la 7, kwa sababu kazi yake ilikuwa imezidi mikono iliyokuwapo. Jarida la kibiashara linaloongezeka mara kumi huajiri watu, lakini hili lilikuwa likiendeshwa na watu wanaofunga bahasha usiku.

Pengo lililobaki lilijazwa na mamia ya majarida madogo ya miji mbalimbali, na pia na wachapaji waliofanya kazi ya kurudia yale ambayo wengine wameandika. Huko Pittsburgh wanachama wa Shirika la Kitaifa la Wanawake, NOW, walianzisha KNOW, Inc. mwaka 1969, wakiongozwa na kaulimbiu kwamba uhuru wa vyombo vya habari ni wa yule anayemiliki mtambo wa kuchapia. Huko Boston, New England Free Press ilichapa mwaka 1970 kozi ya kurasa 193 kuhusu mwili wa mwanamke, kwenye karatasi ya magazeti, kwa senti 75, ambayo miaka mitatu baadaye ilichukuliwa na kampuni kubwa ya vitabu na kusambaa duniani. Kwa mtazamo wa mkutubi nakala zile za senti 75 ni jinamizi. Karatasi ya magazeti ina tindikali inayoila yenyewe, nayo huwa ya manjano, kisha ya kahawia, kisha huvunjika kama chapati iliyokauka, huku pini zilizoshika kurasa zikiacha kutu.

Kipeperushi kilichosomwa kuliko vyote, na kueleweka vibaya kuliko vyote, ni kile cha Atlantic City. Jumamosi tarehe 7 Septemba 1968, wanawake wapatao mia moja na zaidi walikusanyika kwenye njia ya mbao ya ufukweni, nje ya ukumbi wa shindano la urembo la Miss America, wakamvika taji kondoo aliye hai, na kutupa kwenye pipa la takataka vitu walivyoviita vyombo vya mateso: viatu vya mchuchumio, sidiria, mikanda ya kubania tumbo, kope za bandia, rola za nywele, na nakala za magazeti kama Playboy na Ladies' Home Journal. Hakuna kilichochomwa moto. Njia ile ilikuwa ya mbao na wenye mamlaka wa mji walihofia moto, nao waandamanaji wakakubali. Hata hivyo, siku tatu kabla ya maandamano yenyewe gazeti la New York Post lilikuwa limechapisha habari yenye kichwa kilichowaita wachomaji wa sidiria, likiwalinganisha na vijana waliochoma kadi za kuitwa jeshini, na jina hilo limewaganda hadi leo.

Hapa kipeperushi chenyewe, kilichoandikwa kwa sehemu kubwa na Robin Morgan, ni ushahidi usio na mbadala. Kinaorodhesha hoja kumi dhidi ya shindano hilo. Hoja moja inasema kwamba tangu lianzishwe mwaka 1921 halijawahi kuwa na mshiriki mweusi aliyefika fainali, na nyingine inalaani namna mshindi anavyotumwa Vietnam kuwatumbuiza askari, kama hirizi ya jeshi. Hoja hizo mbili, za rangi na za vita, hazikupata nafasi karibu na sidiria kwenye kumbukumbu ya umma. Kipeperushi pia kinatangaza kwamba waandishi wa habari wa kiume watakataliwa mahojiano na kwamba watakaozungumza nao ni waandishi wa kike peke yao. Sharti hilo lililazimisha vyumba vya habari viwatoe wanawake kwenye kurasa za mapishi na mitindo ili waende kuripoti habari za siasa, ingawa halikuweza kuzuia mhariri aliyebaki mezani asiandike kichwa cha habari atakacho.

Baadhi ya karatasi hizi hazifasiriki bila kujua mzaha wa lugha yao. Tarehe 26 Agosti 1970, katika kuadhimisha miaka 50 ya haki ya wanawake kupiga kura, Betty Friedan na NOW waliitisha mgomo wa wanawake, na maelfu ya watu waliandamana kwenye barabara ya Fifth Avenue mjini New York. Bango lake mashuhuri linageuza methali ya Kiingereza inayohimiza kugonga chuma kingali cha moto, ndugu ya methali yetu ya samaki mkunje angali mbichi. Katika lugha yao neno moja hubeba maana ya chuma na ya kupiga pasi, na jingine hubeba maana ya kugonga na ya mgomo, hivyo methali iliyogeuzwa inamwambia mwanamke asipige pasi wakati mgomo umepamba moto. Lilimtaka mtu afanye kitu kidogo kinachowezekana nyumbani kwake siku hiyohiyo: aiache nguo ilivyo.

Sasa upande wa pili. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba wapinzani wa vuguvugu hili walikuwa wanaume. Walikuwapo, na wenye nguvu, lakini karatasi zilizolizuia ziliandikwa, zikachapwa na zikatiwa stempu na wanawake. Jina linalotangulia ni la Phyllis Schlafly wa Alton, Illinois, mama wa watoto sita, ambaye mwaka 1964 alijichapishia mwenyewe kitabu cha siasa kilichotoka kwa mamilioni ya nakala, na tangu 1967 alikuwa akitoa jarida la kila mwezi la kurasa nne, The Phyllis Schlafly Report. Kwa miaka minne ya mwanzo jarida hilo lilishughulika zaidi na makombora ya nyuklia na Ukomunisti. Desemba 1971 aliombwa kushiriki mdahalo huko Connecticut kuhusu Marekebisho ya Haki Sawa, kifungu kilichopendekezwa kuongezwa kwenye katiba, kilichobuniwa na Alice Paul mwaka 1923, ambacho hapo kabla hakuwa amekijali sana. Alikisoma, akakikataa, na toleo la Februari 1972 likauliza kwenye kichwa chake kuna ubaya gani katika haki sawa kwa wanawake.

Toleo hilo ni somo zuri la namna karatasi zinavyosomana. Jarida la Ms. la Gloria Steinem na wenzake lilikuwa limejitokeza mara ya kwanza Desemba 1971, likiwa ndani ya gazeti la New York, na mwezi Februari Schlafly alikuwa tayari ameligeuza kuwa ushahidi wake, akiwaambia wasomaji kwamba wakitaka kujua shabaha halisi ya wanaharakati hao walisome wenyewe, na kwamba ni jarida linalopinga familia. Alitumia karatasi ya wapinzani wake kama kielelezo mahakamani.

Jina lenyewe la Ms. ni sehemu ya ugomvi, na hapa Kiswahili kinatuficha jambo. Sisi huandika Bi. na shughuli ikaisha. Kiingereza kilikuwa na kiambishi kimoja cha mwanamke aliyeolewa na kingine cha asiyeolewa, na Ms. ilipendekezwa ili mwanamke aitwe bila kuulizwa habari ya mume, kama ambavyo mwanamume haulizwi habari ya mke. Ukipekua masanduku ya makavazi utaona kwamba saini peke yake inatosha kutenganisha pande mbili: upande mmoja jina la kwanza tu, au jina la kikundi bila mtu, na upande wa pili kiambishi cha ndoa kikifuatwa na jina kamili la mume, kimeandikwa kwa fahari, kwa sababu hadhi iliyotetewa ilikuwa ndiyo hiyo.

Marekebisho ya Haki Sawa yalipita Seneti tarehe 22 Machi 1972 kwa kura 84 dhidi ya 8. Sehemu yake kuu ni sentensi moja, inayosema kwamba usawa wa haki chini ya sheria hautanyimwa wala kupunguzwa na Marekani wala na jimbo lolote kwa sababu ya jinsia. Ili yawe sheria yalihitaji kuridhiwa na mabunge ya majimbo 38 kati ya 50, na Hawaii iliridhia siku hiyohiyo. Katika mwaka mmoja majimbo 30 yalikuwa yameridhia. Mtu aliyesoma magazeti makubwa wakati huo angeona kwamba ngoma imekwisha.

Hesabu ilikuwa na upande wa pili, na Schlafly aliuona mapema. Ikiwa majimbo 38 yanahitajika kupitisha, 13 yanatosha kuzuia. Huhitaji kulishawishi taifa. Unahitaji wabunge wachache wanaosita katika mabunge machache ya majimbo, watu wanaofanya kazi hiyo kwa muda, ambao barua ishirini kutoka kwa wapiga kura wao ni mafuriko. Mwaka 1972 alianzisha kampeni ya STOP ERA (ERA ni kifupisho cha Kiingereza cha Marekebisho ya Haki Sawa), na kwa maelezo yake mwenyewe alianza kuamini kwamba inawezekana pale rafiki wa Oklahoma alipompigia simu kusema kwamba toleo la Februari ndilo lililotumika kuyaangusha Marekebisho katika bunge la huko.

Rudi sasa kwenye swali la mwanzo. Kipeperushi cha kawaida cha ukombozi wa wanawake kilimwambia msomaji: wewe si mgonjwa wala si mpweke, njoo Jumanne jioni, tutakaa sebuleni na kuzungumza. Kilikusudiwa kumbadilisha anayekisoma. Karatasi ya wapinzani ilidhani kwamba msomaji tayari amekubali, na ikampa kazi: andika barua kwa mbunge wako wa jimbo, iwe fupi na ya mkono wako, kisha mpe jirani karatasi hii. Ya kwanza iliwaamsha wanawake wengi ambao hawakuwahi kujua kwamba wana la kusema, na matunda yake yako kila mahali leo, katika hospitali, mahakama na maofisi. Ya pili ilitengenezwa kwa kipimo cha mlango mmoja mahsusi, yaani chumba cha kamati ya bunge la jimbo. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya matokeo, lakini mtu anayeziweka karatasi mbili mezani na kuuliza kitenzi kikuu cha kila moja ni kipi atakuwa ameelewa jambo ambalo vitabu vingi huzungukia kwa mbali.

Mfano wa pili ulio bora kabisa wa aina hiyo ulitoka Fort Worth, Texas, mwaka 1974. Lottie Beth Hobbs, mwalimu na mwandishi wa masomo ya Biblia katika madhehebu ya Church of Christ, alitoa karatasi moja ya rangi ya waridi yenye kichwa kinachowauliza mabibi kama wamesikia. Tazama jinsi swali hilo linavyofanya kazi. Ni sauti ya jirani uani, si ya mwanasiasa jukwaani, na anayeulizwa kama amesikia huona aibu kidogo kwamba hajasikia. Chini ya swali hilo yalifuata maonyo kwamba Marekebisho yangemnyima mke haki ya kutunzwa na mumewe na kuharibu nafasi ambayo Mungu amempa. Rangi ilifanya nusu ya kazi, kwani kwenye meza ya jikoni yenye bili na magazeti, karatasi ya waridi haipotei. Watu waliiita kwa rangi yake, na iligawiwa makanisani na kuvuka mipaka ya majimbo. Texas ilikuwa imeridhia tangu 1972, na jitihada za mwaka 1975 za kulifanya bunge la Austin litengue uamuzi huo zilishindwa, lakini mtandao wa wanawake ulioundwa kwa karatasi ile ulidumu. Novemba 1977, serikali ilipogharamia Mkutano wa Kitaifa wa Wanawake mjini Houston, Hobbs alikuwa miongoni mwa walioandaa mkutano mwingine wa kutetea familia, siku hizohizo, mjini humohumo, uliojaza maelfu ya watu.

Halafu kuna jamu. Wanawake wa STOP ERA waliwapelekea wabunge mikate waliyooka wenyewe na chupa za jamu, zikiwa na vikaratasi vyenye mashairi mafupi. Kimoja kilitoka kwa wapika mkate kwenda kwa waleta mkate. Wapinzani wao waliwacheka, nami nadhani kicheko hicho kiliwagharimu. Kipeperushi kinaweza kutupwa kwenye kapu lililo karibu na mlango, ila ni vigumu kutupa mkate wa moto mbele ya mama aliyeuleta, na mbunge aliyeupokea alikuwa amepokea hoja pamoja nao: kwamba wapo wanawake wanaoridhika na jikoni na wanaopiga kura.

Beji zilisema jambo hilohilo kwa rangi. Zile za STOP ERA zilikuwa na umbo la pembe nane na rangi nyekundu, zikiiga alama ya barabarani ya kusimama, na za upande wa pili ziliandika ndiyo kwa kijani juu ya nyeupe. NOW ilikuwa na beji nyingine yenye tarakimu tu, senti 59, yaani mshahara wa mwanamke kwa kila dola ya mwanamume, ambayo kazi yake ilikuwa kumfanya mtu kwenye lifti aulize maana yake. Kufikia miaka ya mwisho NOW nayo ilikuwa imejifunza lugha ya vitenzi vya kazi, na kadi zake zenye anwani za wabunge hazikutofautiana sana na za wapinzani. Tarehe 9 Julai 1978 watu wapatao laki moja waliandamana Washington, na muda wa kuridhia, uliokuwa uishe Machi 1979, ukaongezwa hadi tarehe 30 Juni 1982. Siku hiyo ilipofika majimbo yalikuwa 35, na matano kati yake yalikuwa yamepiga kura ya kutengua.

Nimeeleza kana kwamba pande zilikuwa mbili tu, na karatasi zenyewe zinanikanusha. Third World Women's Alliance, kikundi cha wanawake weusi, Walatino na Waasia, kilitoa kuanzia 1971 gazeti liitwalo Triple Jeopardy, yaani hatari tatu, ambazo walizitaja kuwa ubaguzi wa rangi, ubeberu na ubaguzi wa jinsia. Sehemu ya habari zake ilikuwa kwa Kihispania. Linapolinganishwa na jarida la wanawake weupe la mwaka huohuo, linazungumzia kufungwa kizazi kwa nguvu na mishahara ya wafanyakazi wa ndani, mambo ambayo kwenye jarida lile hutajwa pembeni kama yanatajwa. Kwa msomaji wa karatasi za STOP ERA nalo halipo kabisa. Pande mbili zinazogombana sana huweza kukubaliana, bila kusema, juu ya nani asiyehesabiwa.

Kwa mtu anayetaka kuzitumia karatasi hizi, tatizo la kwanza ni kwamba hazina tarehe. Kipeperushi kinasema Jumatano tarehe 26 Agosti bila mwaka, kwa sababu aliyekitoa hakudhani kwamba kuna atakayekisoma mwaka unaofuata. Kalenda huokoa: tarehe hiyo ilikuwa Jumatano mwaka 1970. Msimbo wa posta wa tarakimu tano unaonyesha kwamba karatasi haikutangulia 1963. Kwenye kona ya chini mara nyingine huwa na alama ndogo kama mdudu, inayothibitisha kwamba kiwanda kilichochapa kina wafanyakazi wa chama cha wachapaji, jambo ambalo watu wa mrengo wa kushoto walilijali. Bei, aina ya mashine, matundu ya pini za ubaoni na mkunjo wa bahasha vyote huzungumza. Karatasi iliyokunjwa mara tatu ilisafiri kwa posta, na yenye matundu manne kwenye pembe ilitundikwa.

Tatizo la pili ni gumu zaidi, nalo ni kwamba tulicho nacho ni kile ambacho hakikutumika. Wanawake walibandika kwenye matangazo ya biashara stika zilizosema kwamba tangazo hilo linawatusi wanawake. Stika iliyofanya kazi yake ilibanduliwa pamoja na tangazo. Iliyopo kwenye bahasha ya makavazi, safi, gundi yake haijaguswa, ni ile iliyobaki kwenye droo.

Kilichookoka kiliokolewa na watu wenye hamasa au wenye mashaka. Huko Berkeley, Laura X alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kukusanya kila karatasi ya wanawake iliyomfikia, baada ya kusikia kwamba hakuna habari za wanawake za kutosha kujaza kozi ya muhula mmoja. Kituo chake kilifungwa mwaka 1974 kwa kukosa fedha, lakini majarida mengi yalikuwa yamepigwa picha kwenye filamu ndogo za maktaba. FBI nayo ilikusanya, kwa sababu zake. Ilituma watoa habari kwenye mikutano ya vuguvugu hilo, nao wakarudi na vipeperushi vilivyowekwa kwenye mafaili, na hivyo idara iliyotaka kuwapeleleza wanawake hao ikawa bila kukusudia mmoja wa watunza kumbukumbu wao. Karatasi za wapinzani zilichelewa kuingia vyuo vikuu, kwa sababu wakutubi, kama watu wote, huona thamani haraka zaidi katika kile wanachokipenda. Chuo Kikuu cha Kansas, kupitia mkusanyiko ulioanzishwa na Laird Wilcox mwaka 1965, ni miongoni mwa vichache vilivyokusanya kulia na kushoto pamoja, na shirika la Schlafly mwenyewe, Eagle Forum, lilitunza nyaraka zake huko Missouri.

Filamu zile za maktaba zilikuwa za nyeusi na nyeupe. Ziliokoa maneno ambayo karatasi ya magazeti ingeyapoteza, lakini kwenye mashine ya kusomea beji nyekundu na beji ya kijani huonekana kwa rangi moja ya kijivu, na karatasi ya waridi haina tofauti na tangazo la mkutano. Anayetaka kujua kwa nini mama wa Texas aliiona karatasi ile mezani kabla ya kuiona bili ya umeme hana budi kumwomba mtunza makavazi amletee sanduku lenyewe.